Katreni Kenye Kalinivua Kitenge

Nianze na haya yenyewe, ili mucheke mara moja tumalize: mimi, Feza, muke wa Salumu mupenta, nilisimama ku barza ya muzungu mukubwa wa depo ya reli, hapa Kindu, muchana kweupe, mbele ya wazungu na madamu zao na makarani na wapishi na kila mutu aliyekuwa na macho siku ile, nikiwa nimevaa gunia. Sisemi kwa mfano. Gunia ya unga. Na aliyenivua kitenge hakuwa mulevi, hakuwa mwizi, haukuwa hata upepo wa Lualaba. Kalikuwa katreni ka kuchezea, kenye mashini isiyozidi kiganja changu, kalikotoka Bulaya mu karatoni. (Hiyo karatoni nilikuja kuiona baadaye, na niwaambie kweli, ilikuwa nzuri kuliko sanduku niliyoingia nayo mu ndoa.)

Haya, mumeshajua. Sasa muache niwaeleze vile nilivyofika pale, juu mutu haamki tu asubuhi akajikuta kwa wazungu na gunia kiunoni.

Wakati ule tulikaa ku kambi ya reli, Wabelgiji bado wanatawala inchi yetu, na bwana yangu Salumu alikuwa mupenta wa vagoni. Watu wa upande wa Kigoma wanaziita mabehewa, ni kitu kimoja. Vagoni ikitoka kutengenezwa pale depo, yeye anaipaka ile rangi nyekundu ya kutu, halafu anachukua burashi nyembamba, anaiandika namba yake na kilo ambazo inaweza kubeba, herufi nyeupe, zimenyooka kama zimepigwa na kamba. Anarudi jioni ananuka terebentini ya kusafisha rangi, anakula, analala. Hakuwa mutu mubaya, hapana, alikuwa tu mutu wa maneno machache. Kama ulitaka maneno ya Salumu ilibidi uende ukayasome ku vagoni.

Na mutoto hatukuwa naye. Ndoa ilikuwa na miaka yake, na mama mukwe yangu wa Lokandu alikuwa akituma salamu kwa kila meli inayopanda mto, na salamu zake zote zilikuwa zinauliza habari ya tumbo yangu. Nawaambia hii mapema ili mujue moyo wangu ulikuwa umekaa namna gani. Moyo wa vile, mutu akiupuliza kidogo tu, unawaka.

Basi, Salumu akaanza kubadilika. Siku ya Mungu, Jumapili, kazi zimefungwa, wanaume wengine wanacheza karata chini ya paa la duka, yeye akishakula anaoga. Anaoga kweli, na sabuni, anasugua hadi nyuma ya masikio. Anavaa shati yake nyeupe. Anaenda.

"Unaenda wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani ya siku ya Mungu?"

"Kazi kidogo. Kwa Bwana Polepole."

Huyo Bwana Polepole njo alikuwa muzungu mukubwa wa depo. Jina lake la kweli lilikuwa refu na lina kona nyingi, kwa hiyo watu wa kazi walimuita vile, juu Kiswahili chake chote kilianza na polepole na kikaisha na polepole. Sasa niambieni nyinyi wenyewe: mupenta gani anaenda kupaka rangi na shati nyeupe?

Halafu vitu vikaanza kupungua mu nyumba. Muchele, ngumi moja. Ufuta wangu, niliouweka mu chupa kwa ajili ya wageni, ukashuka. Na muto wangu (muto ninaolalia kichwa!) nikakuta umefunguliwa pembeni, pamba imetolewa kidogo, na mutu amejaribu kuushona tena kwa uzi wa rangi ingine. Hapo ningefungua tu mudomo, nikauliza, "Baba, ufuta wangu unaupeleka wapi?" Maneno matano. Mambo yote yangeisha palepale, ningekuwa leo mama mwenye heshima yake mu mutaa huu. Lakini nikasema mu roho, hapana, nikiuliza atadanganya, afazali nichunge. Njo ile kitu ndogo iliyozaa kubwa.

Nikapeleka mambo kwa jirani yangu, Zubeda. Zubeda alikuwa mwanamuke muzuri sana wa kukopesha chumvi, lakini ukimupelekea moto, yeye analeta kuni.

"Anaoga?" akauliza.

"Anaoga."

"Na sabuni?"

"Na sabuni."

Akapiga mikono. "Feza, dada yangu. Wewe umeshaachwa, hawajakuambia tu."

Siku moja nafua nguo, nikapata mu mufuko wa suruali yake kajiti kafupi, na mwisho wa kajiti nywele chache zimefungwa na uzi mwekundu, kwa ufundi mukubwa. Nikakaangusha kama nyoka. Zubeda akakaangalia bila kukagusa, akasema hii ni dawa, na hizi nywele si zako, zako ni fupi. Nikalia pale ku beseni mpaka sabuni ikakauka ku mikono.

Nilichobakiza ilikuwa kumujua mwanamuke. Na huyo nikamuona mwenyewe, siku ya soko, nimeenda kununua samaki.

Ku soko palikuwa na mushonaji moja, Mungeni, amefiwa na bwana yake, mwenye mashini ya kushona anayoitoa kila asubuhi na kuiweka mbele ya duka ya Mugriki. Mwanamuke mwembamba, mukimya, shingo ndefu. Mimi sikuwa na ugomvi naye. Hata kitenge changu kipya, kile cha ndege za kijani ambacho Salumu aliniletea mwaka ule, nilikuwa nimepanga kumupelekea anikunjie pindo. Basi nimesimama kwa muuza samaki, nikainua macho, na ninamuona bwana yangu amekaa ku kiti cha Mungeni. Amekaa! Mungeni ameinua kakitu kadogo keupe ku vidole viwili. Salumu akakapokea, akakapuliza ndani kakafura, na akacheka. Ndugu zangu, akacheka mpaka nikaona meno ya nyuma. Meno yale sikuwa nimeyaona tangu wiki ya arusi, mimi ninayemupikia!

Nikajificha nyuma ya vikapu vya samaki kavu mpaka muuza samaki akaniuliza kama niko mugonjwa.

Kesho yake nikaingiza mukono mu mufuko wa shati yake. Nikatoa tuvitu tuwili, tweupe, twa kitambaa laini, tumeshonwa chini na pembeni, juu tuko wazi na kakamba ka kufunga. Kila kamoja kalikuwa kadogo kuliko dole gumba yangu. Nikatupeleka kwa Zubeda. Akakatia kamoja ku ncha ya kidole chake, akageuza huku, akageuza kule, uso wake ukawa muzito kabisa.

"Feza," akasema, "hizi ni soksi. Soksi za mutoto wa juzi."

Sikulia. Ile siku sikulia. Nilikaa tu ku kinu changu kilichogeuzwa, nikaangalia ukuta. Dini inamuruhusu, angeweza kuja kuniambia, Feza, naoa, na mimi ningepiga kelele kidogo halafu ningepika chakula cha kumupokea muke mwenzangu, juu njo maisha. Lakini kunificha! Kuchukua ufuta wangu kumutengenezea uji mwanamuke aliyejifungua! Kuchukua pamba ya muto wangu kumulaza mutoto wa mwingine! Kila kitu kilikaa mahali pake, kama vagoni zinavyoshikana moja na ingine, na mimi niliyekuwa nazivuta sikuona kwamba njia ilikuwa ya uongo. Na kitenge cha ndege za kijani nikakikunja, nikasema Mungeni hatakigusa hata ninyongwe, afazali pindo ikae vile inavyotaka. Ikakaa. Ikaanza kutoa nyuzi.

Siku ya Mungu iliyofuata, Salumu aliondoka mapema kuliko kawaida, amejipaka mafuta, na ku mukono ana kamufuko. Zubeda akafika bila hata kubisha.

"Leo njo leo," akasema. "Mungeni amepita hapa sasa hivi, amevaa vizuri, anaelekea kwa wazungu. Wanakutana ku nyumba ya muboi, mutumishi wa Bwana Polepole, nyuma kule. Vaa. Nenda. Mimi niko nyuma yako."

Nikavaa kwa haraka. Kitenge cha ndege za kijani, ili huyo mwanamuke ajue mimi si mutu wa kutupwa. Nguo yangu ya chini, ile nzuri, ilikuwa ku kamba bado inatoa maji, kwa hiyo nikabakiza ile niliyokuwa nayo mu mwili tangu asubuhi, ya kutwangia, niliyoishona mwenyewe kutoka gunia ya unga ya Bulaya. Nani atakayeiona? Nikafunga kitenge juu yake, nikafunga vibaya, mikono ilikuwa na hasira.

Tukaenda. Mutaa wa wazungu ni wa maua na miti imepangwa, kimya, hata mbwa wao wanabweka kwa adabu. Tulipofika ku uzio wa Bwana Polepole nikashangaa, juu hapakuwa kimya. Barza yake pana ilikuwa imejaa. Wazungu wamekaa ku viti na vikombe mu mukono, madamu zao, makarani wa reli na makoti yao wamesimama pembeni, wapishi wamechungulia ku mulango, na nje ya uzio watu wa mutaa wamejipanga wanaangalia. Wote wanaangalia chini. Nikasogeza maua. Katikati ya miguu ya wale watu nikamuona Mungeni amekaa ku kiti kidogo, amefunika magoti na kanga. Na mbele yake, amepiga magoti chini, shati nyeupe inang'aa, bwana yangu. Anamupa kale kasoksi mu kiganja, na anatabasamu.

Amepiga magoti! Mbele ya watu wote! Nikasema, kumbe wamekuja kufanya na sherehe.

"Nenda," Zubeda akaninong'oneza.

Sikupita ku lango, nilipita mu maua. Nikapanda ngazi, nikawasukuma makarani wawili, nikaingia katikati, na sauti iliyonitoka mimi mwenyewe sikuijua.

"Salumu! Mutoto iko wapi? Munioneshe mutoto!"

Madamu moja akamuvuta mutoto wake mwenyewe, akamukumbatia. Salumu akanyanyua uso, na rangi ya uso wake ikaondoka kama mutu amemwagia maji.

"Mutoto gani, Feza?"

"Mutoto wenu! Wewe na huyu! Munazani mimi sina macho?"

"Dada," Mungeni akasema polepole, "mutoto gani?"

"Usiniite dada! Hizi soksi umemushonea nani?" Nikampokonya kale kakitambaa, nikakainua juu ili wazungu na weusi wote waone ushahidi. "Nani? Sema! Za nani?"

Nikakatikisa. Na kutoka ndani ya ile soksi ufuta wangu ukamwagika, kidogo kidogo, ukaanguka ku miguu yangu. Nikaufuata na macho. Na hapo njo nikaona nilikuwa nimesimama ndani ya reli.

Reli ya kweli kabisa, lakini nyembamba kama vidole viwili, imezunguka sakafu ya barza yote, na tuvibao twake, na stesheni ya mbao, na mto wa karatasi ya buluu. Na juu yake vagoni. Zile zetu! Ile ya kufunika inayobeba muchele, ndani muchele. Ile ya wazi, imejaa pamba, pamba ya muto wangu. Ingine ya kibao imelaliwa na miti, ingine ya tangi ya mafuta ya mawese, inang'aa. Zote nyekundu ya kutu, na ku kila moja namba nyeupe, zimenyooka, ndogo kama mayai ya siafu. Na juu ya ingine tugunia twa kitambaa cheupe tumepangwa vizuri, tumefungwa na kakamba. Tugunia. Si soksi. Tugunia, wenzangu.

Mutu mwenye akili angeomba radhi pale, akashuka ngazi. Lakini kinywa kikishakimbia ni kigumu kukirudisha, na mimi bado nilikuwa naangalia ile shingo ndefu ya Mungeni, na wivu hauamini macho yake hata ukioneshwa. Nikasema, "Na kama si mutoto, juu nini unamupigia magoti?" na nikapiga hatua kumuendea.

Mimi nilienda. Kitenge hakikuenda.

Mukumbuke zile nyuzi za pindo. Wakati ule wote nilipokuwa nahubiri, katreni kalikuwa kanazunguka, hakuna mutu aliyewaza kukasimamisha, na kamashini ka mbele kalipopita nyuma ya miguu yangu kakameza uzi, kakauzungusha ku magurudumu, kakavuta, kakavuta, mpaka kitambaa chenyewe kikaingia mu vindoano vya vagoni. Mimi nilisikia tu kitu kinanikuna ku kisigino, nikazani ni sisimizi. Nilipopiga ile hatua, kifundo ambacho nilikifunga na hasira kikafunguka, na ndege zangu zote za kijani zikabaki chini, zimelala juu ya reli, na kamashini kanalia ndani yake ziii, ziii, kama mbu.

Mwanzo sikujua. Nilijua kwa kuangalia uso wa watu. Karani moja, kijana mwenye miwani, aliyezoea kusoma kila kitu kinachopita mbele yake, akasoma kwa sauti, na Kifaransa chake kizuri, halafu akatafsiri kwa ajili ya wapishi:

"Unga safi. Kilo hamsini."

Ilikuwa imeandikwa ku matako yangu. Herufi za buluu, kubwa. Mimi sijui kusoma, miaka yote nilikuwa natembea mu kiwanja ya nyumba yangu na kilo hamsini ku matako.

Kicheko kile sijui niwaambie namna gani. Kilianza ku wapishi, kikapita ku makarani, wazungu wakajaribu kukikataa na vitambaa ku midomo halafu wakashindwa, kikashuka ngazi kikafika ku uzio, na huko nje watu ambao hawakuona kitu walikuwa wanacheka juu ya kicheko cha wengine. Nikageuka kumutafuta Zubeda. Mahali pa Zubeda palikuwa na maua tu. Nikarudi nyuma niokote kitenge, na chini ya kisigino changu kitu kikalia kra.

Ilikuwa ile ya tangi.

Salumu akaja kuiokota. Hakuniangalia. Aliishika mu viganja viwili, imepasuka ubavu, gurudumu moja linaning'inia, na uso aliokuwa nao, sikuuona hata tulipomuzika baba yake. Hapo kicheko chote sikukisikia tena.

Na aliyekuja kunifunika ni nani? Mungeni. Alitoka ku kale kakiti, akatoa kanga ya magoti yake, akanizungushia kiunoni, akapiga magoti, na pini zake za kazi alizokuwa nazo ku kifua akanifunga moja moja. Mikono yake haikutetemeka. Hakucheka, na alikuwa ananuka sabuni nzuri. Angenitukana ningepona haraka. Mwanamuke niliyemutakia mabaya amepiga magoti mbele yangu ananistiri, na mimi hata pale, niwe mukweli mbele ya Mungu, bado nilikuwa naona shingo yake ni nzuri kuliko yangu.

Bwana Polepole akazima moto wa umeme wa ile treni. Alikuwa mwekundu, sikujua kama ni kicheko ao hasira. Akasema, "Polepole, mama. Polepole." Halafu akamwambia Salumu kitu cha Kifaransa, kifupi, na Salumu akaweka vagoni iliyovunjika juu ya meza, akanishika mukono, tukashuka.

Tulipofika ku kambi watu walishajua, walikuwa wamesimama ku milango, juu Zubeda alitangulia na alikuwa na pumzi ya kutosha kusimulia. Mutoto fulani akaita, "Kilo hamsini!" na jina hilo nililibeba miaka mingi kuliko majina niliyopewa na baba yangu.

Tulipofunga mulango njo akasema.

"Ulizani nimezaa nje?"

"Ulikuwa unaoga," nikamwambia.

"Naoga juu ni nyumba ya watu, Feza. Niende na jasho?"

"Na kale kajiti ka nywele?"

"Burashi! Ya manyoya ya mbuzi. Utaandika namba za vile na burashi gani?"

"Na juu nini haukuniambia?"

Akakaa chini. Akasugua rangi ku makucha yake. Akaniambia, pole pole, maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake kwa mara moja: kwamba muzungu alirudi ku likizo na ile treni imetengenezwa kabisa, unaitoa mu karatoni unaiweka ku reli inatembea, lakini vagoni zake zilikuwa za Bulaya, za kubeba pombe na makaa, na yeye alitaka ziwe kama zetu za Kindu, na akamuita Salumu azipake upya na kuzijaza mizigo ya huku. Mungeni alilipwa kushona tugunia, na madamu wa muzungu akamuita siku ile aone kazi yake inavyopita. Ile vagoni ya tugunia ilikuwa imeanguka ku reli, yeye Salumu alipiga magoti kuirudisha, na kagunia kamoja akamupa Mungeni akaangalie.

"Sikukuambia," akasema, "juu nilisikia haya. Mwanaume muzima anacheza na treni ya watoto. Watu wa depo wangenicheka."

Sasa walikuwa wanatucheka wote wawili, na mimi njo niliwaita.

Halafu akaniangalia vizuri. "Na ungepata kweli mutoto pale, ungefanya nini?"

"Sijui. Ningemubeba kwanza nimuone."

Mutoto hatukupata, niwaambie tu mapema musingojee. Tulimulea binti ya dada yake, na alitutosha.

Kazi hakufukuzwa. Nilikuwa nimeogopa hiyo kuliko kicheko, juu kwa wakati ule mweusi kuingia mu nyumba ya muzungu kwa kelele ilikuwa inatosha kulala mu kifungo, na bwana yake kutupwa nje ya kambi. Bwana Polepole alimwambia tu hakuna shauri. Lakini hakumuita tena. Tulisikia amechukua mupenta mwingine kumaliza zile zilizobaki. Na siku ya Mungu iliyofuata, Salumu alikula, akaoga, akavaa shati yake nyeupe, akatoka mpaka ku mulango, na hapo akakumbuka. Akavuta kiti, akakaa pale ku mulango na shati yake, mpaka jua likazama. Ningependa anipige kelele.

Kanga ya Mungeni nilimurudishia, nimeifua na kuipiga pasi. Nikamwambia, "Nisamehe." Akasema, "Yameisha, dada," na nikakubali kuitwa dada. Rafiki hatukuwa. Mutu aliyekuona na gunia ni vigumu kukaa naye unakula.

Mwezi huo ukapita, nikamwambia Salumu, "Nipeleke nione zile za kweli." Akazani namuchezea. Nikamwambia nakaa hapa siku zote nazisikia zikigongana usiku na muchana, sijawahi kuzikaribia. Tukaenda, siku ya kazi, asubuhi. Treni ya Kongolo ilikuwa inapangwa, na meli imefunga pale chini, wabebaji wanapandisha mizigo. Ndugu zangu, vagoni ikiwa karibu ni kitu kikubwa. Gurudumu linafika ku kiuno. Salumu akatembea pembeni yake na mimi nyuma, na mutu wangu wa maneno machache akaanza kusema. Hii ilianguka ku njia, tukaishona ubavu. Hii ni nzee, inalia ku kona, lakini haijawahi kuacha mzigo. Hii ya tangi, uone, rangi haishiki vizuri juu ya mafuta, inabidi kuiosha mara mingi. Na kila moja akiipita, anaigonga na kiganja, taratibu, kama unavyogonga mgongo wa mutoto anayetaka kulala.

Nikasimama. Na nikausikia wivu wangu, ule ule, unarudi.

"Mimi haunigusi hivyo," nikamwambia.

Akageuka. Mufungaji wa vagoni aliyekuwa ameinama chini ya mnyororo akasikia, akajifanya hakusikia, mabega yake yakatikisika. Basi, nikapata aibu ingine hapohapo. Lakini Salumu akacheka, na nikaona meno ya nyuma.

Wivu sijauacha, nisiwadanganye. Dawa yake sijaiona ku soko yoyote. Ila niliapa palepale ku reli kwamba sitamuendea mwanamuke wa watu tena na swali ambalo jibu lake linalala mu nyumba yangu. Mashini ikapiga filimbi, vagoni zikavutana moja moja mpaka ya mwisho, zikaondoka, na Salumu akasimama kuziangalia vile mutu anasindikiza ndugu. Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nacho ku ulimi, kizuri, kikali. Nikashika mukono wake nikanyamaza mpaka ile ya mwisho ikapotea mu kona, na kati ya kazi zote nilizofanya mu ndoa yangu, hakuna ingine iliyonichokesha kama hiyo.